Jina la Baba Kwenye Kila Jiwe

Mama Naetwe aliponipigia simu Alhamisi ile kuniomba niondoe vimistari vyeupe kwenye picha ya ukuta wa kanisa kabla ya jubilei ya Jumapili, nilitakiwa kumjibu hapana. Hapana, mwenyekiti, ukuta ubaki ulivyo, watu watazoea. Ningesema hivyo tu, leo ningekuwa napanda kijijini kwetu Chome kama zamani, nasalimiwa, naulizwa habari za mvua za huko chini Same, nakaribishwa chai ya tangawizi. Badala yake nikasema, "Usijali, mama, hiyo ni kazi ya dakika tano." Mtu wa miaka sabini na mbili anayekaa mbele ya kompyuta akasema dakika tano, yote yatakayompata ni haki yake. Kuyaandika haya naona aibu, ila aibu kubwa zaidi ni kuyasikia kwa watu wengine, maana kila anayesimulia anaongeza lake, juzi nimeambiwa eti siku ile nilivaa suti nyeupe na kofia. Suti ilikuwa ya kijivu, na kofia niliivua mlangoni kama mtu yeyote mwenye adabu.

Nianze na kanisa lenyewe ili tuelewane. Kanisa letu la zamani kule juu lilijengwa sisi tukiwa watoto wa kuchunga mbuzi, na ukuta wake wa mbele ulikuwa wa mawe ya mtoni, kila kaya na jiwe lake. Wanaume walishuka bondeni asubuhi ukungu wa mlima Shengena ukiwa bado umelala juu ya migomba, wakapanda na mawe mabegani, na jiwe lililofika lilichongwa jina la mwenye kaya kwa patasi kabla ya kuwekwa ukutani. Yalikuwa mia mbili na kitu. Kubwa kuliko yote lilikuwa la baba yangu, Zefania, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na msimamizi wa ujenzi, kwa hiyo alichagua mwenyewe jiwe na mahali pa kuliweka, kulia kwa mlango, usawa wa macho (baba hakuwa mtu wa kujificha). Na chini kabisa, pale ambapo matone ya mvua yakidunda yanarusha udongo, kulikuwa na jiwe dogo lililoandikwa NAKIJWA, herufi zimelala huku na huku, J imegeukia upande usio wake.

Nakijwa alikuwa mama yake Eliamini, rafiki yangu. Alikuwa mjane. Baba yangu na wenzake walimwambia kwamba mjane hahesabiwi kaya, jiwe lake kama analo liingie kwa jina la shemeji yake. Yeye akaitikia, akaenda nyumbani, kesho yake akashuka mtoni peke yake akapanda na jiwe kichwani, akakaa nalo uani siku tatu akilichonga kwa msumari na nyundo ya kuazima, huku Eliamini mtoto wa miaka saba amelikumbatia kwa miguu lisiteleze. Akalileta kanisani limeshaandikwa. Sasa jiwe lililokwisha kuandikwa utalifanyaje? Wakaliweka, ila chini. Lilikuwa jina la mwanamke pekee kwenye ukuta ule.

Mimi na Eliamini tulikua pamoja hivyo, mtoto wa Zefania na mtoto wa Nakijwa, na hatukuwahi kulizungumza jambo la wazazi wetu kwa sababu tulikuwa na mengi ya maana zaidi, kama vile kuoga kwenye ndiva, lile bwawa la maji ya mashamba, kabla wenye zamu ya kumwagilia hawajaja kuifungulia, na kuiba miwa, na kuchora nyuso za walimu kwa mkaa kwenye mawe makubwa ya njiani. Yeye ndiye aliyechora vizuri. Lakini mimi ndiye niliyepelekwa sekondari, nikashuka Same, nikaajiriwa ofisi ya ardhi kuchora ramani kwa kalamu na wino kwenye karatasi inayopitisha mwanga, kazi niliyoifanya hadi nikastaafu. Yeye alibaki na shamba la tangawizi. Kila nilipopanda tulikaa kwenye benchi lake tukala makande, na kila mara aliniuliza, "Samweli, mlima wetu umeuchora vizuri huko? Usije ukatuweka Kilimanjaro." Hata mimi sikumbuki alianza lini utani huo. Naukumbuka kuliko vitu vingi vya maana.

Baadaye mvua kubwa zilisogeza ule mteremko, ukuta wa nyuma wa kanisa ukapasuka, na baada ya vikao vingi na maneno mengi ikaamuliwa libomolewe lijengwe jipya, mawe ya zamani yaingie kwenye msingi. Kabla ya kubomolewa nilipanda na kamera yangu na kamba ya kupimia, nikapiga picha kila jiwe la mbele, moja moja, siku nne, Eliamini akinishikia ngazi. Tulipofika kwenye jiwe la mama yake alipiga magoti akalifuta matope kwa shati lake. Nami nikalipiga picha.

Binti yangu Namsifu anafanya kazi Arusha kwenye ofisi ya kuchora majengo. Ndiye aliyeniletea kompyuta yake ya zamani na kunifundisha ile programu ya kuunda vitu ambavyo unaweza kuvizungusha kwenye kioo, ukaingia ndani, ukatoka, ukapanda juu ya paa. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, nasema bila haya. Nikajenga kanisa letu upya mle ndani, kila jiwe kwa kipimo chake. Sura ya kila jiwe niliijenga kwa pembetatu mbili zinazokutana mshazari, kama unavyokunja leso. Kisha picha zote nikazipanga kwenye ukurasa mmoja mkubwa, kama stempu, na jiwe la baba nikaliweka katikati kabisa kwa sababu ndilo nililofanyia mazoezi ya kwanza (hiyo ndiyo sababu, ingawa siku hizi hakuna anayeniamini). Ili picha ikae kwenye jiwe lake, kila kona ya pembetatu ina namba zinazosema: kona hii ishike hapa kwenye ukurasa. Mimi nilizifikiria kama pini za fundi cherehani anapobandika kitambaa mwilini kwa mteja. Pini ikikaa vibaya, kitambaa kinavutika.

Na zangu baadhi zilikaa vibaya. Pembetatu mbili za jiwe moja kila moja ilikuwa na pini zake, na pale zilipokutana hazikugusana sawasawa, ukabaki mwanya mwembamba kama unywele, ndivyo vile vimistari vyeupe vinavyokata jiwe kona hadi kona.

"Baba Namsifu," Mama Naetwe aliniambia siku ile kwenye simu, "tulivyobomoa kuna watu walisema kanisa halikuwa na nyufa. Sasa ukileta picha yenye nyufa mbele, watasema tumekutuma uzichore."

Huyu Mama Naetwe ndiye mwenyekiti wa kamati ya jubilei, ambako kanisa langu la kompyuta lingeonyeshwa, mama mmoja ambaye hata mchungaji akitaka kukohoa anamwangalia kwanza. Ndiyo nikamwambia dakika tano.

Haraka yangu ilikuwa na sababu nyingine, nayo ni macho ya Eliamini. Alikuwa na ule ugonjwa wa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazima, la kulia alikuwa anaonea tundu dogo la katikati, na daktari alishamwambia waziwazi kwamba hata hilo halitamaliza msimu. Aliniambia tukiwa kwenye benchi lake, sahani ya makande magotini.

"Daktari ananiambia kama kuna kitu nataka kukiona nikione sasa. Nikamwambia wajukuu nimewaona, mke nimemwona mpaka nimechoka."

"Nitakusemea kwa shemeji!"

"Mwambie, anajua." Akacheka, halafu akaiweka sahani chini. "Nataka kulisoma jina la mama. Wewe si unalo kwenye mtambo wako? Liweke kubwa, Samweli. Siku ya jubilei, mbele ya watu wote. Maisha yake yote lilikuwa chini."

Nikamwahidi.

Jumamosi Namsifu alinitumia skripti, yaani orodha ya maagizo ambayo programu inaisoma na kuifuata yenyewe, kwa sababu kuunganisha pini mojamoja kwa mkono kungenichukua wiki nyingi. Skripti ile inapita kila pini ya ukuta, ikikuta mbili zilizokaribiana inazifanya moja. Ila binti yangu ana akili, alishaandika kwamba pini ya kona ya chini kushoto iungane na ya chini kushoto tu, ya juu kulia na ya juu kulia tu, jiwe lisije likajikunja. Kazi yangu ilikuwa kuandika namba moja tu, ya umbali: pini zikiwa zimekaribiana kiasi gani ndipo ziunganishwe.

"Baba, unanisikia? Kwenye umbali weka sifuri nukta sifuri sifuri moja."

"Nimeweka."

"Yakibaki mawe yenye mistari, unachagua jiwe hilo moja, unapandisha namba kidogo sana, unaangalia. Usiendeshe ukuta mzima. Na kabla ya yote hifadhi nakala kwa jina lingine."

"Namsifu, mimi nimechora ramani za wilaya hii kabla hujazaliwa."

"Najua, baba. Shikamoo. Lakini hifadhi nakala."

Nilicheka, nikaendesha, na kweli mistari ikatoweka karibu yote. Ilibaki kwenye mawe kama thelathini. Sikuwa na wasiwasi, nikaenda zangu kupiga pasi suti.

Asubuhi ya Jumapili gari la kutupandisha Chome limeshafika nje, Land Cruiser ya kukodi, dereva anapiga honi kana kwamba anafukuza ng'ombe, nikasema ngoja nichungulie mara ya mwisho. Nikasogea karibu na jiwe la Nakijwa. Mstari mweupe ulikuwa umekata jina katikati, kutoka N hadi A ya mwisho. Jiwe hilo hilo kati ya mawe yote! Nikasema Eliamini hatalisoma jina la mama yake likiwa na mkwaruzo wangu. Nilikuwa na jiwe moja tu la kutengeneza. Lakini honi, na yale mawe mengine thelathini, na Mama Naetwe kichwani mwangu, nikaona nipandishe namba kwa ukuta wote mara moja ili yaishe.

Nikaweka moja.

Nielezeni, maana nimejiuliza sana, mtu aliyepima ardhi miaka yote ile atajuaje kwamba moja ni kubwa? Moja kwangu ni milimita, ikizidi sana ni mita, ni hatua ya mtoto. Kumbe kwa programu ile moja ni upana wa ukurasa mzima wa picha. Nilikuwa nimeiamuru kwamba pini yoyote iliyo popote kwenye ukurasa ina ukaribu na pini za jiwe la kwanza, na jiwe la kwanza kwenye orodha lilikuwa la baba yangu, limekaa katikati kama bwana harusi. Programu haikubishana. Kona zote za mawe yote ziliihama picha yake kila moja zikaenda kushika picha ya jiwe la Zefania.

Nami sikuliona hilo. Nilirudi nyuma mle ndani ya programu hadi getini, kanisa zima likaonekana kwenye kioo, ukuta mzuri, wa kijivu, hauna mstari hata mmoja. Kwa mbali jiwe ni jiwe. Nikahifadhi juu ya faili lile lile, nakala sina, nikafunga kompyuta, nikaichukua kwapani, nikatoka nimekunja uso kama mtu muhimu.

Njia ya kwenda Chome mnaijua. Niliipakata kompyuta ile kwenye kona zote kama mtoto mchanga, wanakwaya nyuma wanaimba, na mimi niliyepauka kwa vumbi najiona nimebeba kanisa zima mapajani.

Baada ya ibada wakafunga mapazia, projekta ikawashwa, kitambaa cheupe kikatandazwa mbele. Eliamini walimwekea kiti cha mbele kabisa karibu na kitambaa, amevaa koti la harusi yake, shingo ameinamisha pembeni ili lile tundu lake la kuonea likae sawa. Nilipopita nilimgusa bega, nikamwambia, "Lipo. Utaliona sasa hivi."

Nikapewa maikrofoni. Hilo nalo lilikuwa kosa, kwa sababu nikipewa maikrofoni nahutubia. Nikaeleza kazi ilivyokuwa ngumu, nikaeleza pembetatu, nikaeleza pini, nikaeleza Arusha, mpaka Mama Naetwe akakohoa. Ndipo nikafungua. Kanisa la zamani likatokea limesimama, na mle ndani watu wakavuta pumzi, kuna bibi mmoja alisema "Yesu wangu" kwa sauti, wengine wakaanza kulia, kwa sababu paa lilikuwa lile la mabati mekundu yaliyochakaa na kengele ilikuwa pale pale mtini. Hizo sekunde thelathini ndizo tamu kuliko zote nilizopata uzeeni. Nazikumbuka moja moja.

Kisha nikasogea ukutani. Nikaanzia kulia kwa mlango, usawa wa macho, ZEFANIA, watu wakapiga makofi. Nikasogea jiwe la pili. ZEFANIA. Nikadhani sijasogea, nikabonyeza tena. ZEFANIA. Nikapanda juu, nikashuka, nikaenda kushoto kwa mlango ambako palikuwa na ukoo mwingine kabisa, Zefania kanisimamia huko pia, mkubwa, herufi zake zilizonyooka, mia mbili na kitu, ukuta mzima baba yangu.

Kicheko kilianzia kwa vijana wa nyuma.

"Mzee Samweli, hili kanisa mlijenga nyumbani kwenu?"

"Jamani, kumbe mzee Zefania alibeba mawe yote, sisi babu zetu walikuwa wanamtazama tu!"

"Mwacheni, anatafuta uenyekiti!"

Vicheko vikapungua haraka kuliko nilivyotamani, maana waliokaa mbele hawakucheka. Mzee mmoja wa ukoo wa kushoto kwa mlango alisimama, akaniuliza kwa upole ulionitoa jasho, "Samweli, jiwe la baba yangu liko wapi?" Nikasema lipo. Mwingine akauliza la kwao. Nikasema yapo yote, ni pini tu, pini zimeungana, na hilo neno pini nilivyolisema kwenye maikrofoni, kila mtu akageuka kumtazama mwenzake. Nikajaribu kurudisha nyuma, programu haikuwa na kitu cha kurudisha kwa sababu nilishaifunga asubuhi. Nikabonyeza ovyo, kanisa likazunguka, likapinduka, tukaingia chini ya sakafu tukaona paa kwa ndani likiwa chini, na wakati huo wote maikrofoni iko wazi, watu wananisikia nikihema na kusema, "Baba, toka. Baba, toka hapo." Mpaka leo watoto wa Chome wakicheza kukimbizana wanaambiana hivyo.

Mama Naetwe alikuja akachomoa waya mwenyewe. "Tuimbe," akasema, na kwaya ikaimba.

Nilimkuta Eliamini nje, ameshika mti wa kengele, binti yake pembeni. Nikamwambia, "Bwana, nimekosea namba. Nilikuwa nafuta mstari kwenye jiwe la mama."

Hakunitazama, au labda alinitazama na lile tundu halikunifikia.

"Nilikaa mbele," alisema. "Nilitafuta chini, pale pale palipo pake. Nikasoma. Unajua nilisoma nini?"

"Najua."

"Baba yako ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Sasa umemmalizia kazi."

"Eliamini, ni kompyuta."

"Kompyuta haikumjua mama yangu. Wewe ulimjua, alikulisha." Akamwambia binti yake, "Twende." Wakashuka kuelekea shambani kwao polepole, yeye akipapasa ukingo wa njia kwa fimbo, koti la harusi limemning'inia mabegani, na mimi nimesimama na watu wanapita na sahani zao za wali hakuna anayenikaribisha.

Namsifu nilimpigia jioni ile. Akauliza, "Nakala iko wapi, baba?" Nikasema hakuna. Hakuniambia, "Nilikuambia." Heri angeniambia.

Picha zilikuwepo, hizo hazikupotea. Kilichopotea ni pini, zile namba zote zilizosema picha ipi ikae jiwe lipi, na hizo hazina mahali zilipoandikwa zaidi ya faili nililolikanyaga. Ikabidi nianze upya kwa mkono, jiwe kwa jiwe, kona kwa kona, nikilinganisha na picha za zamani na daftari langu la vipimo. Ningeweza kuanza na la Nakijwa nikampelekea hilo peke yake. Namsifu aliniambia hivyo. Nikakataa, nikasema nitampelekea ukuta mzima, kila jiwe mahali pake, akiliona jiwe la mama yake alione kati ya wenzake, isije ikaonekana nimemtupia kipande kimoja kumnyamazisha. Huo ulikuwa ubishi wangu wa pili, nao nauandika hapa kwa sababu ni wangu. Nilimaliza wiki ya saba. Skripti sikuigusa.

Nikapanda Chome kwa pikipiki, kompyuta kifuani. Eliamini alikuwa kwenye benchi lake. Mkewe alinikaribisha, akaniletea chai, akaondoka haraka. Nikafungua, nikasogea hadi chini kabisa ya ukuta, NAKIJWA, herufi zimelala, J imegeuka, hakuna mstari. Nikaiweka karibu na uso wake.

"Liko hapa," nikasema. "Kubwa kama ulivyotaka."

Akasogeza uso. Akaugeuza kushoto, akaugeuza kulia, kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani.

"Kuna mwanga," akasema.

"Hapo hapo. Mbele yako."

"Mwanga naujua. Herufi hakuna." Akarudi nyuma akaegemea ukuta. "Jicho lilizima wiki iliyopita. Asubuhi niliamka nikamwuliza mke wangu kwa nini hajafungua dirisha."

Nilimshika kidole nikakiweka juu ya kioo, juu ya jina, nikakipitisha kwenye kila herufi. Akaniacha nifanye. Kisha akakitoa.

"Ni laini," akasema. "La mama lilikuwa linakwaruza."

"Lakini lipo, Eliamini. Nakuapia lipo."

"Siku ya jubilei pia ulinishika bega ukaniambia lipo."

Hatukugombana. Tulikunywa chai, akaniuliza habari za Namsifu, nikamwuliza habari za tangawizi. Hakuniuliza kama mlima wetu nimeuchora vizuri. Tangu siku ile nimepanda mara nne na kila mara ananipokea, mgeni hafukuzwi Chome, lakini ananiita mzee Samweli, kama wanavyoniita wengine wote.

Nimeapa sitabadilisha kitu chochote cha watu wengi kwa amri moja, wala sitahifadhi juu ya kitu ambacho sina nakala yake, na mwanangu akiniambia jambo nitaandika chini. Viapo hivyo ni vizuri na vimechelewa. Ukuta sasa uko sawa, kila jina mahali pake, kamati wameusifu, na Mama Naetwe ameninunulia soda. Ila mtu niliyemwandalia ule ukuta aliniomba kitu kimoja, alisome jina la mama yake kwa macho yake mara ya mwisho, na nafasi hiyo aliipata mara moja tu, akiwa kiti cha mbele, na nilichomwonyesha ni jina la baba yangu. Sasa Eliamini ni kipofu, na hakulisoma.